Kutoka Jeraha la Tawi hadi Jina la Mmea: Utambuzi wa Mimea Pori Inayoliwa na Swala na Jamaa Zao katika Miombo ya Katumba, Katavi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua mimea pori inayoliwa na swala na jamaa zao wanaotegemea majani ya miti na vichaka, kwa kurejelea misitu ya miombo inayoizunguka Katumba, mkoani Katavi. Hoja kuu ni kwamba utambuzi unaoanza na jina la mmea hupotosha. Ushahidi hauna budi kuanzia kwenye jeraha la tawi, kupitia alama za mnyama, na kuishia kwenye jina. Makala yanaonesha pia kwamba upana wa maana ya neno "majani" katika Kiswahili huficha tofauti ambayo mtafiti analazimika kuiweka wazi. Mwisho, makala yanajadili wajibu wa mtafiti kwa watu wanaompa maarifa ya uwindaji.

1.0 Utangulizi

Katumba inayozungumziwa hapa ni ile ya Wilaya ya Nsimbo, jirani na Mpanda, wala si Katumba ya Rungwe. Makazi yake yalianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Eneo hili limo ndani ya ukanda mpana wa miombo ya magharibi mwa Tanzania, na kusini mwa Mpanda kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974.

Mwindaji anayepeleleza pori kabla ya siku ya windo hujiuliza maswali matatu: ni mmea gani umeliwa, umeliwa na nani, na umeliwa lini? Maswali hayo ndiyo anayojiuliza mtafiti wa malisho ya wanyamapori. Tofauti ni kwamba mwindaji hujibiwa na mnyama mwenyewe anapotokea au asipotokea, ilhali mtafiti huandika jibu lake, nalo likiwa na kosa hunukuliwa na wengine. Kwa sababu hiyo, njia ya kulifikia jibu inastahili kufafanuliwa hatua kwa hatua.

2.0 Tatizo la Istilahi

Maandishi mengi kuhusu mimea ya malisho na upelelezi wa windo yanatoka Ulaya na Marekani, nayo yanamhusu mnyama wa familia ya Cervidae, ambaye pembe zake huanguka na kuota upya kila mwaka. Katika tafsiri za Kiswahili mnyama huyo huitwa kulungu au paa. Majina hayo ni ya wanyama wa kwetu, ambao ni wa familia ya Bovidae na pembe zao hazianguki. Kusini mwa Sahara hakuna mnyama wa asili wa familia ya Cervidae. Barani Afrika anapatikana kaskazini tu, katika Algeria na Tunisia. Hivyo, kinachoweza kuazimwa kutoka maandishi hayo ni mbinu. Orodha ya mimea haiwezi kuazimwa.

Tatizo la pili limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Neno "majani" hutumika kwa majani ya mti, kwa nyasi, na hata kwa chai. Mtu akisema "mnyama huyu hula majani", hajabainisha iwapo anainamia ardhi au anainua shingo kichakani. Vitabu vya shule navyo huwaita nyati na twiga kwa pamoja "wanyama wala majani", ingawa nyati hutegemea nyasi na twiga hutegemea miti. Mtafiti anayeuliza, "Pongo anakula majani gani?" anaweza kupewa jibu sahihi kwa swali ambalo hakukusudia kuliuliza.

Tofauti hiyo ina msingi wa kibayolojia. Mwaka 1972, Hofmann na Stewart walichapisha uainishaji wa wanyama wacheuao wa Afrika Mashariki kwa kuzingatia umbo la tumbo na tabia ya kula. Waliwagawa katika makundi matatu: wanaotegemea nyasi, wanaochagua majani laini ya miti na vichaka, na walio katikati. Kwa wanyama wanaojulikana katika ukanda wa Katavi, korongo, palahala na tohe huelemea nyasi. Pongo, nsya na tandala mkubwa huelemea miti, vichaka na matunda. Swala pala na pofu hubadilika kulingana na majira. Katika makala haya, makundi hayo yanaitwa wala nyasi, wala vichaka na wala mchanganyiko.

3.0 Hatua ya Kwanza: Jeraha la Tawi

Wanyama wacheuao wa familia ya Bovidae hawana meno ya mbele katika taya la juu. Badala yake wana ufizi mgumu. Mnyama hubana chipukizi kati ya meno ya chini na ufizi huo, kisha huvuta. Matokeo yake ni ncha iliyochanika, yenye nyuzinyuzi, na mara nyingine ganda lililovutika upande mmoja. Sungura na panya wana meno ya mbele juu na chini. Wao hukata tawi kwa mshazari, na jeraha huwa safi kama lililokatwa kwa kisu. Tembo huvunja matawi mazima na kubandua magome. Wadudu hutoboa jani au hula kingo zake na kuacha kikonyo.

Jeraha pia ni saa. Lililo bichi lina unyevu na rangi ya kijani au nyeupe. Likikaa hukauka na kugeuka kahawia, na baadaye vichipukizi vipya huota chini yake. Kasi ya mabadiliko hayo hutegemea jua, unyevu na aina ya mmea, hivyo haifai kutaja idadi ya siku kwa kukisia. Njia iliyo salama ni kukata kwa mkono matawi machache ya mmea uleule, kuyawekea alama, na kuyatazama kila siku ili kupata kipimo cha mahali pale.

4.0 Hatua ya Pili: Mnyama Aliyekula

Jeraha hueleza kundi la mnyama, lakini halitaji spishi. Kwa hiyo hupimwa kimo chake kutoka ardhini. Nsya ana kimo cha takribani sentimita 50 begani, pongo kama sentimita 70 hadi 90, na dume la tandala mkubwa huweza kufikia takribani mita 1.5. Jeraha lililo juu ya kimo anachofikia nsya humwondoa nsya katika orodha ya wanaodhaniwa. Hata hivyo, jeraha la chini halimwondoi tandala, kwani mnyama mrefu huweza kuinama. Kimo, basi, ni ushahidi wa kukanusha zaidi kuliko wa kuthibitisha. Aidha, pofu huweza kuvunja matawi kwa pembe ili kuyafikia majani ya juu, na swala wadogo wakafaidi masalia.

Katika eneo lenye makazi kama Katumba kuna tahadhari nyingine kubwa, nayo ni mbuzi. Mbuzi ni wa familia ileile ya Bovidae, ana meno ya namna ileile, hupenda vichaka, na kimo chake kinakaribiana na cha pongo. Jeraha aliloliacha kwenye mkole haliwezi kutofautishwa kwa macho na la pongo. Kwato na kinyesi navyo vinaweza kufanana kwa mtu asiyezoea. Kwa sababu hiyo, kichaka kilicho karibu na njia ya mifugo hakifai kuhesabiwa kuwa ushahidi wa malisho ya wanyamapori, isipokuwa mnyama ameonwa akila au amenaswa na kamera ya mtego.

5.0 Hatua ya Tatu: Jina la Mmea

Ni hapa tu ndipo jina linapohitajika, na ndipo hatari ya kupotoka inapokuwa kubwa. Mkole ni jina la spishi kadhaa za jenasi ya Grewia. Mlama ni jina la spishi kadhaa za Combretum. Mkwamba hutumika kwa Flueggea virosa, lakini jina hilo, pamoja na kivumishi au bila ya kivumishi, huguswa pia na mimea ya jenasi ya Phyllanthus. Mtafiti akiandika "pongo hula mlama", msomaji hajui ni mlama upi, wala hawezi kurudia uchunguzi huo mahali pengine.

Katumba huongeza ugumu huu kwa sababu ni mahali pa lugha nyingi. Kirundi kinakutana na Kiha, Kibende, Kifipa, Kinyamwezi, Kisukuma na Kiswahili. Mmea mmoja huweza kuwa na majina matano, na jina moja likahamishwa na wahamiaji kutoka mmea wa nyanda za juu za Burundi hadi mmea mwingine wa miombo unaofanana nao. Uhamisho huo wa jina una mantiki yake na ni data muhimu kwa mwanaisimu. Kwa mtafiti wa malisho, ni onyo kwamba jina la mdomoni linahitaji sampuli.

Sampuli inayofaa ina tawi lenye majani, na ikiwezekana maua au matunda. Hukandamizwa, hukaushwa, huandikiwa tarehe, mahali na majina yote yaliyotajwa pamoja na lugha ya kila jina, kisha hulinganishwa na mkusanyo wa mimea iliyokaushwa, kama ule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha. Sampuli hubaki na thamani hata jina la kisayansi linapobadilika. Baada ya kongamano la kimataifa la mimea lililofanyika Vienna mwaka 2005, jina Acacia lilibakizwa kwa kundi lenye spishi nyingi za Australia, na migunga ya Afrika sasa inawekwa katika jenasi za Vachellia na Senegalia. Aliyehifadhi tawi anaweza kusahihisha jina. Aliyeandika jina pekee hana cha kurejea.

6.0 Majira na Mahali

Orodha ya mimea isiyotaja majira ni nusu ya habari. Katika miombo ya Katavi kuna msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili. Miti kama mtundu (Brachystegia spiciformis) hutoa majani mapya kabla ya mvua kuanza, mara nyingi yakiwa na rangi nyekundu au ya shaba. Majani hayo yakikomaa huwa magumu na huwa na tanini, kemikali inayoungana na protini na kuifanya iwe vigumu kumeng'enywa. Mti ulioguswa na swala mwezi Oktoba unaweza kuachwa kabisa mwezi Machi.

Wakati wa kiangazi, vitu vinavyoanguka chini huwa muhimu: maua ya mwegea (Kigelia africana), maganda ya msegese (Piliostigma thonningii), na matunda ya mtonga (Strychnos). Vyakula hivi haviachi jeraha lolote kwenye tawi. Mpelelezi anayetazama matawi tu atamhesabu nsya kuwa hayupo, ilhali amepita usiku na kula chini ya mti.

Mahali nako huchagua. Udongo wa miombo kwa kawaida ni hafifu, lakini vichuguu vya mchwa hukusanya virutubisho, na vichaka vinavyoota juu yake huwa tofauti na vile vya pembeni. Machipukizi baada ya moto au baada ya mti kukatwa nayo huwa laini na karibu na kinywa cha mnyama. Kwa hiyo, uchunguzi ulinganishe kichaka cha juu ya kichuguu na cha spishi ileile kilicho mbali nacho, kabla ya kudai kwamba mnyama "anapenda" mmea fulani. Huenda anapenda mahali.

7.0 Uthibitisho wa Maabara

Kinyesi huweza kuthibitisha au kukanusha kilichoonekana msituni. Vipande vya ngozi ya jani husomeka kwa hadubini. Uwiano wa isotopu za kaboni hutenganisha nyasi za kitropiki na miti, kwa kuwa makundi hayo hutumia njia tofauti za usanisinuru. Lakini kipimo hicho hakitaji spishi. Uchambuzi wa vinasaba huenda mbali zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Laikipia, Kenya, ulichambua DNA ya mimea katika kinyesi cha wanyama saba, wakiwemo tembo, swala pala, digidigi na ng'ombe. Ulionesha kwamba hata wanyama wanaowekwa katika kundi moja la ulaji hugawana mimea kwa undani ambao macho hayauoni. Hata hivyo, vinasaba navyo huhitaji maktaba ya sampuli zilizotambuliwa. Tunarudi palepale: tawi lililokaushwa vizuri.

8.0 Wajibu kwa Watoa Maarifa

Maarifa yaliyoelezwa hapa yamo vichwani mwa watu waliowinda au waliolelewa na wawindaji. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda bila leseni ni kosa. Kwa hiyo swali linaloonekana la kitaaluma, "Umejuaje kwamba pongo hula hapa?", linaweza kumtaka mzee akiri kosa mbele ya kinasa sauti. Swali lenye staha huuliza kuhusu mmea na mnyama, na huacha nje siku, silaha na jina la mtu.

Tasnifu inayowekwa katika hazina huria husomwa na yeyote. Ramani inayoonesha vichaka mahususi vinavyotembelewa na pongo humsaidia mtega mitego kuliko mtahini. Inatosha kutaja aina ya uoto, na viwianishi kamili vikahifadhiwa chini ya masharti ya kibali cha utafiti.

9.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba mmea wa malisho hutambuliwa kwa ushahidi unaofuatana: jeraha, mnyama, mmea, majira na mahali. Jina huja mwisho kwa sababu katika mazingira ya lugha nyingi kama Katumba ndilo linalobadilika kwa urahisi zaidi. Kiswahili kina uwezo wa kubeba taaluma hii, ilimradi mwandishi atofautishe nyasi na majani ya miti kila anapoandika. Mtahini anayekutana na sentensi "swala hula majani" ana haki ya kuuliza majani gani, ya mmea upi, mwezi gani, na sampuli iko wapi.