Goti Lililosagika Linataka Mazoezi, Siyo Mkeka

Leo tuache kidogo mbolea na viuatilifu, tuongelee magoti.

Nikizunguka mashambani nakutana sana na hili: mama mwenye shamba anajua kila tuta, anajua mwaka gani mahindi yaliliwa na viwavi, lakini magoti yamesagika. Watoto wanamwambia, "Mama, wewe kaa tu." Anakaa, na shamba linampoteza mtaalamu wake.

Mimi ni bwana shamba, siyo daktari. Ila miongozo ya tiba iko wazi: kwa magoti na nyonga zilizosagika, mazoezi ni tiba ya mwanzo kabisa. Gegedu, ile tabaka laini kwenye ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Inalishwa na ute wa maungio pale mguu unapojongea. Misuli ya paja nayo inasaidia kubeba mzigo. Ukikaa tu, misuli inasinyaa na goti linaelemewa. Mazoezi hayarudishi gegedu iliyokwisha, lakini yanapunguza maumivu na mtu anatembea vizuri zaidi.

Denmark walianza mpango wao, GLA:D, mwaka 2013: elimu kidogo, kisha mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 6. Nyumbani anzeni hivi:

1. Kaa kwenye kiti imara, simama, kaa tena polepole. Mara 10.
2. Ukiwa umekaa, nyoosha mguu mmoja, hesabu hadi 5, shusha. Mara 10 kila mguu.
3. Tembea dakika 10 kwenye tambarare. Ongeza kidogo kila wiki.

Kuuma kidogo ni kawaida. Kesho yake maumivu yakiwa yamezidi, punguza, usiache. Goti likivimba ghafla, likiwa la moto au kukiwa na homa, nenda hospitali. Mwenye uzito mkubwa ajue kila kilo 1 anayopunguza inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Na msiseme "si analima, hayo ndiyo mazoezi." Kuchuchumaa kutwa nzima kunalichosha goti. Mpeni kigoda wakati wa kupalilia, jembe la mpini mrefu, na toroli la kubebea mazao.

Trekta likigoma mnaita fundi siku hiyohiyo. Basi jioni ya leo mtolee mama kiti uani, mhesabie mpaka 10. Kesho kutwa mhesabie tena.