Anwani Ikihama, Jina Libaki

Sebuleni kwangu hapa Shinyanga, juu ya kabati la vyombo, ipo kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Ndani yake zimo darsa za msikiti wetu, pamoja na sauti ya mwalimu wetu mmoja aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Vijana wetu walioko machimboni Mgusu na Nyarugusu, mkoani Geita, huzisikiliza usiku watokapo mashimoni. Tulipenda zikae mikononi mwetu, si katika ghala la mtu tusiyemjua.

Miezi ya mwanzo ilitutesa. Kila umeme ulipokatika, vijana walipotezana na darsa. Nyumba hutambulika kwenye intaneti kwa namba, yaani anwani ya IP, na kwa wengi wetu namba hiyo ni ya kuazimwa: rauta ikizimika na kuwaka, huenda ikapewa nyingine. Nikawa mtu wa kutuma namba mpya kwa ujumbe wa simu, wakati mwingine saa tano usiku.

Mzazi mwenye kijana mchimbaji atalielewa jambo hili upesi. Mchimbaji mdogo huhama. Leo yuko Mgusu. Ukisikika mfumuko kwingine, kesho hayupo. Lakini yuko shangazi yake Katoro ambaye kila ahamapo humpigia simu, na anayemtafuta humwuliza shangazi. DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ndiyo shangazi huyo: unaipa jina, inakupa namba. Na hiyo iitwayo dainamiki DNS ni ile simu ya kijana. Programu ndogo ndani ya rauta au kompyuta hupeleka habari kila namba inapobadilika. Muda wa kukumbuka namba uwekwe mfupi, tuseme sekunde 60 hadi 300, ili simu za wasikilizaji zisiendelee kubisha hodi kwenye nyumba ya jana.

Kabla ya yote hayo, hakikisha namba hiyo ni yako peke yako. Namba za mfumo wa zamani wa IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu duniani, na akiba kuu ya dunia iligawiwa ikaisha Februari 2011. Kwa hiyo kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya namba moja, mfano wa nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja: mgeni anafika mlangoni, hajui chumba chako. Fungua ukurasa wa rauta usome anwani yake ya nje. Ikianzia 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, umo katika nyumba ya kupanga, na shangazi hatakufaa kitu. Sisi ilitubidi kuomba anwani ya umma na kuilipia kila mwezi.

Jina sasa. Tulianza na la bure, na majuto yangu yako hapo. Huduma ile ilitaka tuthibitishe kila baada ya siku 30 kwamba bado tunalihitaji, na ujumbe wake ulikwenda kwenye barua pepe ya kijana mmoja ambaye naye alikwisha kuondoka kufuata dhahabu. Jina likafutwa, ilhali tulikwisha kulichapisha kwenye kadi za harusi mbili.

Basi tukanunua letu, chini ya .tz, kupitia kwa msajili aliyeidhinishwa. Taasisi zisizo za biashara hutumia or.tz, wafanyabiashara co.tz, na mtu binafsi anayo me.tz. Jina la bure hatukulitupa moja kwa moja: tuliomba jingine, nalo linafanya kazi nyuma ya pazia, tawi moja la jina letu likielekezwa kwake. Tukilichoka tutalibadilisha, na msikilizaji hatajua.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya herufi. Nilitaka neno "darsa" liwemo. Mzee mmoja wa kamati akaniambia nilitaje kwa simu kwa watu watatu. Wawili waliandika "dalsa". Sisi wa Usukumani r na l hutupiga chenga, na anwani ya intaneti haisamehe. Tukachagua jina fupi lisilo na r, l, dh wala kistari.

Daftari la michango na orodha ya wajane wanaosaidiwa havimo katika kompyuta ile, ingawa kuna walioshauri vimo. Mlango uliofunguliwa kwa watu wa Geita umefunguliwa kwa dunia nzima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sisi pia.

Jina limesajiliwa kwa kamati, si kwangu, na barua pepe yake inasomwa na watu watatu. Tarehe ya kulilipia tena imeandikwa katika daftari la mhazini, chini ya bili ya maji.