Neno la siri moja laweza kuiacha wazi shule nzima

KWA miongo mingi, kumbukumbu za shule kongwe kama Tabora Wavulana, iliyoanzishwa mwaka 1922 katika mji uliokuwa njiapanda ya misafara ya kwenda Ujiji, zilikuwa za majalada. Aliyetaka kuziiba alilazimika kufika Tabora. Leo, shule inapoingiza alama za wanafunzi na namba za simu za wazazi katika mtandao, mwizi aweza kuwa popote.

Mara nyingi havunji kitu. Desemba 2024, kampuni ya PowerSchool, inayohudumia shule za Marekani na Kanada, iliingiliwa kwa neno la siri lililoibwa. Ililipa fedha ili taarifa zifutwe. Mei 2025, baadhi ya shule zilidaiwa tena kwa taarifa zilezile.

Kwa hiyo neno la siri lisigawanwe ofisi nzima, desturi iliyoenea kuliko inavyokiriwa, na kuingia kuthibitishwe pia kwa simu ya mhusika. Nakala iliyotunzwa nje ya mtandao haizuii wizi, bali huiokoa shule wadukuzi wanapoyafunga mafaili yake.

Tangu Mei 1, 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka mkusanyaji wa taarifa hizo kuzilinda. Shule nazo ni wakusanyaji.