Maandishi ya kompyuta za zamani: kwa nini hayasomeki, na jinsi ya kuyageuza bila kuyapoteza

Barua, hotuba, mashairi na tasnifu zilizoandikwa miaka ya 1980 kwenye kompyuta za nyumbani bado zimo ndani ya diski na kanda, na nyingi kati ya hizo hazina nakala nyingine popote. Anayefanikiwa kuzitoa huko na kuzifungua kwenye kompyuta ya leo mara nyingi hukuta maandishi yaliyovurugika, akadhani diski imeoza. Aghalabu diski haina kosa lolote. Kilichobadilika ni maana ya namba zilizomo ndani yake, na uharibifu wa kweli huanza pale mtu anapoharakisha kuzirekebisha.

Kompyuta haihifadhi herufi. Huhifadhi namba, na katika mashine hizo za zamani kila herufi ilikaa katika baiti moja, yaani namba moja kati ya 0 na 255. Kwamba namba 65 isomeke “A” ni makubaliano tu. Makubaliano mashuhuri zaidi, ASCII, yalichapishwa Marekani mwaka 1963 yakiwa na nafasi 128, na herufi ndogo hazikuingizwa hadi marekebisho ya mwaka 1967. Kampuni ya Commodore ilipotoa kompyuta yake ya PET mwaka 1977, ilijenga jedwali lake juu ya toleo lile la kwanza, kisha ikaongeza michoro na herufi nyingine ilivyoona yenyewe. Jedwali hilo, liitwalo PETSCII, lilirithiwa na Commodore 64 iliyotoka mwaka 1982.

Namba moja, herufi mbili

Tuchukue jina la mji wa Mwanza. Katika ASCII, “M” ni namba 77 na “w” ni 119. Commodore 64 inapokuwa katika hali ya kuonyesha herufi kubwa na ndogo pamoja, namba 77 huisoma kuwa “m” ndogo, na 119 huisoma kuwa “W” kubwa. Kwa hiyo faili la kisasa likipelekwa huko bila kugeuzwa, mji wetu huandikwa “mWANZA”. Upande wa pili mambo ni mabaya zaidi. “M” kubwa iliyoandikwa kwenye Commodore huhifadhiwa kama 205, na jedwali la kawaida la Windows huisoma namba hiyo kuwa “Í”. Msomaji wa leo atakuta “ÍWANZA”, na ikiwa kila jina la mtu na la mahali limeharibika namna hiyo, si ajabu akakata tamaa.

Dawa yake inaonekana rahisi: herufi kubwa zilizo kati ya 193 na 218 zipunguzwe 128, na herufi ndogo zilizo kati ya 65 na 90 ziongezwe 32. Ugumu umo katika utaratibu. Mtu akianza kwa kupunguza herufi kubwa katika faili zima, zitaangukia mahali pale pale penye herufi ndogo, yaani kati ya 65 na 90. Akipita mara ya pili kuziongezea 32 herufi ndogo, atazibeba zote, na faili litatoka bila herufi kubwa hata moja. Wala hakuna njia ya kurudi, kwa kuwa tofauti iliyokuwapo imefutwa. Programu nzuri ya kugeuza haipiti mara mbili. Hutumia jedwali lenye nafasi 256, huchukua kila baiti mara moja, hutazama mwenzake na kuandika jibu kwenye faili jipya.

Zaidi ya hapo kuna alama zisizo na mwenzake kabisa. Mahali pa mkwaju uliolalia nyuma, Commodore iliweka alama ya pauni ya Uingereza. Mahali pa kistari cha chini iliweka mshale unaoelekea kushoto. Sinclair ZX Spectrum, mashine iliyopendwa sana Uingereza, iliiweka pauni kwenye namba 96. Mtangulizi wake wa mwaka 1981, ZX81, haukufuata ASCII hata kidogo: “A” yake ni 38, na herufi ndogo haikuwa nazo. Anayegeuza hana budi kuamua mwenyewe alama hizo ziwe nini, na afadhali aandike uamuzi wake pembeni ili atakayekuja baadaye ajue.

Tena si kila faili lenye maneno ni faili la maandishi. Baadhi ya programu za kuandikia za Commodore zilihifadhi namba za kioo badala ya namba za PETSCII, na katika hesabu hiyo “a” ni 1. Faili lililohifadhiwa kama programu hutanguliwa na baiti mbili zinazotaja mahali pa kupakiwa kwenye kumbukumbu, na hizo ndizo huonekana mwanzoni kama herufi mbili zisizoeleweka. Mtu aliyeandika maelezo yake ndani ya programu ya BASIC atagundua jambo jingine: amri nzima ya PRINT imehifadhiwa kama namba moja, 153 kwa Commodore 64 na 245 kwa Spectrum.

Mstari unaishia wapi?

Mvurugiko wa pili unatokana na mwisho wa mstari. Mashine za kupiga chapa zilizounganishwa kwa waya zilihitaji amri mbili: moja ya kurudisha kichwa cha kuandikia mwanzo wa mstari, ambayo ni namba 13, na nyingine ya kusogeza karatasi, namba 10. MS-DOS, na baadaye Windows, zilizihifadhi zote mbili. Unix ilitosheka na 10, na Amiga vivyo hivyo. Commodore 64, Spectrum na Apple II zilichagua 13. Kompyuta za Atari za baiti nane zikaenda njia yao na kutumia 155. Ndiyo maana faili kutoka mashine moja huonekana kwenye nyingine kama mstari mmoja usiokwisha, au kinyume chake, kila mstari ukifuatwa na mstari mtupu.

Hili lingekuwa jambo dogo kama programu zote zingeheshimu tofauti kati ya mwisho wa mstari na mwisho wa aya. WordStar, iliyotoka mwaka 1978 na kuenea sana kwenye mashine zilizotumia mfumo wa CP/M, iliiheshimu kwa njia yake. Mwandishi alipobonyeza kitufe cha kumaliza aya, iliandikwa 13 ikifuatwa na 10. Programu yenyewe ilipokata mstari kwa sababu ukurasa umejaa, iliandikwa 141 ikifuatwa na 10. Namba 141 si kitu kingine ila 13 iliyoongezewa 128.

WordStar ilikuwa na mazoea mengine pia. Mara nyingi iliongeza 128 hiyo hiyo kwenye herufi ya mwisho ya neno, ili kujikumbusha mahali pa kupanga nafasi. Likifunguliwa leo kwenye Windows, “habari njema” husomeka “habaré njemá”. Ushauri unaotolewa haraka ni kuondoa 128 kila inapoonekana, na kweli maneno hurudi kuwa safi papo hapo. Lakini 141 nayo hugeuka 13, na kuanzia hapo hakuna awezaye kujua mwandishi alimaliza aya wapi. Kwa barua ya kikazi hasara ni ndogo. Kwa shairi, ambamo mahali pa kukata mstari ni sehemu ya kazi yenyewe, hasara hiyo haivumiliki. Utaratibu unaofaa ni kuzishughulikia kwanza jozi za 141 na 10, kuweka nafasi moja mahali pake, na kuondoa 128 baadaye. Alama za kukoleza maandishi, yaani namba 2, na za kupigia mstari, namba 19, ziamuliwe kabla ya kufutwa.

CP/M yenyewe iliweka mafaili katika vipande vya baiti 128, na mwisho wa maandishi ulitiwa alama ya namba 26. Kinachofuata baada ya alama hiyo huweza kuwa mabaki ya maandishi mengine, na mhamishaji asiyejua huyashonea kwenye hati kana kwamba ni maneno ya mwandishi.

Ng' ya Kiswahili na herufi za majirani

Kwa upande huu Kiswahili kilikuwa na bahati. Herufi za ASCII zinakitosha, mradi kuwe na kibainishi kimoja, kile cha “ng'ombe” na “ng'ambo”, ambacho ni namba 39 katika ASCII na katika PETSCII pia. Sisi tunaotafsiri habari kila siku tunajua kwamba bahati hiyo imepungua katika enzi hii ya programu zenye akili nyingi. Programu za kisasa za kuandikia hukigeuza kibainishi hicho kilichonyooka kuwa alama iliyopinda, ambayo katika jedwali la Windows ni 146. Ukipitisha juu yake ile kanuni ya kuondoa 128, unabaki na 18, namba ya amri isiyoonekana kwenye kioo. Kwenye Commodore 64, 146 yenyewe ni amri ya kuzima maandishi ya rangi zilizogeuzwa, kwa hiyo nayo hupita bila kuacha alama. Matokeo ni mamoja: “ng'oa” inabaki “ngoa”. La kwanza ni kutoa kitu na mizizi yake, la pili ni wivu au tamaa. Hakuna kitakachomwonya msomaji kwamba kuna kitu kimepotea, kwa kuwa yote mawili ni maneno halali. Kwa maoni yangu kosa la aina hii ni baya kuliko “ngâ€™ombe” tunayokutana nayo katika kurasa za intaneti, ambayo angalau hujitangaza kuwa ni kosa.

Kinyarwanda na Kirundi katika uandishi wa kawaida havihitaji alama juu ya herufi, ila Kifaransa kinachotumika katika nchi hizo na Kongo kinazihitaji. “É” ndogo ni 130 kwenye jedwali la kawaida la MS-DOS, 142 kwenye kompyuta za zamani za Macintosh na 233 kwenye Windows. Kabla ya kugeuza ni lazima kujua faili lilizaliwa kwenye mashine ipi. Hali ya Kikuyu na Kikamba ilikuwa ngumu zaidi, kwani “ĩ” na “ũ” hazikuwamo katika ASCII wala PETSCII. Waliotaka kuandika lugha hizo kwenye mashine za aina hiyo walibaki na “i” na “u” tupu, na hapo hakuna jedwali litakalorudisha kilichokosekana tangu mwanzo. Atakayekirudisha ni msomaji anayeijua lugha.

Kabla ya kugeuza chochote

Kazi ya kwanza, basi, ni kupata nakala ya diski nzima jinsi ilivyo, baiti kwa baiti, na kuiweka mahali ambapo hakuna programu itakayoigusa. Diski ya Commodore 1541 hutoa nakala ya baiti 174,848, kiasi ambacho leo hakijazi hata picha moja ya simu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuitupa. Kiendeshi cha kawaida cha kompyuta ya leo hakiwezi kuisoma diski hiyo, kwa sababu Commodore iliandika data kwa mtindo wake. Hutumika kiendeshi chake cha asili kilichounganishwa kwa waya maalumu, au kifaa kinachosoma mawimbi ya sumaku moja kwa moja.

Baada ya hapo ugeuzaji ufanyike kwenye nakala, na ukaguliwe kwa hesabu kabla ya kukaguliwa kwa macho. Kutoka PETSCII kwenda ASCII baiti moja huzaa baiti moja, kwa hiyo ukubwa usibadilike. Ukienda kwenye Windows, faili la baiti 12,000 lenye mistari 300 linapaswa kutoka na baiti 12,300. Kwa maandishi ya Kiswahili kuna kipimo kingine kisicho na gharama: kuhesabu “ng'” ya herufi ndogo pande zote mbili. Katika faili la Commodore ni mfuatano wa 78, 71, 39. Katika faili lililogeuzwa ni 110, 103, 39, na idadi yake inapaswa kuwa ile ile.