Kichwa cha Babu, Kalenga

Mwaka 151, huko Shandong nchini China, ukumbi wa mawe ulijengwa kumkumbuka mzee Wu Liang, na kutani zikachongwa habari za watoto waliowaenzi wazazi wao. Mmoja wao ni Ding Lan, aliyechonga sanamu ya mti ya mzazi wake marehemu akaihudumia kama mtu aliye hai. Mhehe hahitaji kufafanuliwa sana habari hiyo.

Uhehe, mazishi hayamalizi wajibu wa mtoto. Kaburi la baba hupaliliwa. Nyumba ikielemewa na maradhi au mvua ikigoma, ukoo hukusanyika makaburini kutambika: pombe humwagwa, wazee huitwa kwa majina, kisha msemaji huwaeleza shida kama anayeongea na watu walioketi mbele yake. Rungwe nako, kwa Wanyakyusa, makaburi ya machifu yalizungukwa na miti ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Leo vijana walioajiriwa mijini huchangishana saruji na vigae, wakarudi kijijini kuwajengea wazazi makaburi, na wengi huanza kwa ibada ya kanisani. Sioni ugomvi hapo; wajibu ni uleule.

Fikiria basi ukoo ambao mzee wao alizikwa bila kichwa. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijiua Julai 1898 asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, Wajerumani wakakichukua, na kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi. Dai la kurudishwa kwa fuvu lake liliingizwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919: kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza katika miezi sita. Halikuletwa. Miaka ya hamsini Gavana Edward Twining alilitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, akilinganisha vipimo vya mafuvu na vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Wapo wasomi wanaotilia shaka uchaguzi wake. Hata hivyo, tarehe 19 Juni 1954, pale Kalenga, Chifu Adam Sapi Mkwawa alipokea kichwa cha babu yake mbele ya umati wa Wahehe. Mjukuu huyo ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Kwangu mimi, siku ile ya Kalenga inauzidi uspika wake.

Fuvu lingali Kalenga, ndani ya kioo, na watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Najua faida yake: wengi wamejifunza historia hapo. Lakini kaburi liko Mlambalasi, upande wa barabara ya Ruaha, na mwenye kaburi hajakamilika. Ukoo ukiamua kesho kumzika mzee wao akiwa kamili, makumbusho ya Kalenga yawaachie, na sanduku la kioo libaki na picha.