Jindo wanapowalilia hata maadui

Mlango wa bahari wa Uldolmok, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, unapobana zaidi haufiki mita 300 kati ya Haenam, upande wa bara, na kisiwa cha Jindo. Maji yanapojaa au kupwa hupita hapo kwa kishindo, na siku za bamvua mkondo hukaribia noti 10. Hapa ndipo watu hujazana kila mwaka, kwa kawaida Septemba au Oktoba, kwa tamasha la Myeongnyang, la kukumbuka vita vya majini vya jina hilo kati ya Korea na Japani.

Vita vyenyewe vilipiganwa Oktoba 1597. Admirali Yi Sun-sin wa Korea alikuwa ametoka kifungoni, ameteswa na kuvuliwa cheo kwa fitina za wakubwa. Aliyeshika nafasi yake, Won Gyun, aliangamiza karibu meli zote huko Chilcheollyang. Mfalme alipokuwa tayari kulivunja jeshi la majini, Yi, aliyekuwa amerudishwa kazini, alimwandikia kwamba bado anazo meli 12. Siku ya vita zilikuwa 13, mbele yao meli za Kijapani zaidi ya 130. Mwanzoni meli yake ilipigana peke yake, manahodha wenzake wamerudi nyuma kwa woga, hadi alipowaita na kuwakaripia. Kisha mkondo ukageuka. Meli za Kijapani zilizosongamana zikavurugika, na kwa mujibu wa shajara ya Yi 31 zikavunjwa. Yeye hakupoteza hata moja.

Kwenye tamasha mizinga na moshi wa maigizo ya vita ndivyo huvuta umati, hasa tangu filamu ya 2014 kuhusu vita hivyo, iliyotazamwa na zaidi ya watu milioni 17. Lakini utamu wa tamasha, kwangu mimi, uko kwa wanawake wa ngoma ya ganggangsullae. Hushikana mikono na kuzunguka, mmoja akitoa wimbo, wenzake wakiitikia, mwendo ukianza taratibu hadi wanakimbia. Wenyeji husimulia kwamba Yi aliwachezesha kilimani ili adui adhani jeshi ni kubwa. Wataalamu wengi huona ngoma hiyo ni ya kale zaidi, ya mavuno na mwezi mpevu. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2009, na simulizi ya Yi bado haijafutika.

Jindo pia ni kisiwa cha maombolezo, maarufu kwa ssitgimgut, tambiko la kuosha roho ya marehemu iende zake bila kinyongo. Huenda ndiyo maana, maiti za Wajapani zilipotupwa ufukweni baada ya vita, wanakijiji waliziokota na kuzizika kwenye kilima cha Waedeoksan. Walikuwa wavamizi waliokuja kuwaua, wakapewa kaburi. Septemba 2022 waziri mkuu wa zamani wa Japani, Yukio Hatoyama, alihudhuria kumbukumbu yao hapo na kuomba radhi.

Ukifika Haenam kutazama mizinga, usirudi kabla ya kuvuka daraja la kwenda kisiwani. Kilima hicho kiko upande wa Jindo.