Je, Wajua? Katapila Kuukuu na Klachi Zake

Je, wajua kuwa Masasi ni jirani wa mojawapo ya maeneo yaliyowahi kupokea makatapila mengi Tanganyika? Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 Kongwa, ukaenea Urambo na Nachingwea, ambayo ndiyo jirani ya Masasi. Ulivunjwa mwaka 1951, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 36.

Wajua kwamba makatapila mengi ya mradi ule yalikuwa mitumba ya vita? Mengine yalinunuliwa Ufilipino, kwenye masalia ya jeshi la Marekani. Kiwanda cha Vickers nacho kiligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Ndani ya mwaka ule wa kwanza, theluthi mbili ya matrekta yaliyokuwa yameletwa hayakufaa kazi. Vyuma vilikuwepo, mafundi na vipuri ndivyo vilivyopungua.

Wajua kuwa mradi huo ndio uliozaa bandari ya Mtwara na reli ya Kusini? Reli ilifika Masasi mwaka 1958, ikafungwa mwaka 1962.

Wajua kuwa Caterpillar D7 ya enzi hizo ina injini mbili? Ile ndogo ya petroli, yenye silinda 2, ndiyo inayowashwa kwanza na kuizungusha ile kubwa ya dizeli. Zinatumia maji yale yale ya kupoza, kwa hiyo kubwa hupata joto kabla ya kunguruma.

Wajua kwamba katapila hilo halina usukani wa duara? Lina liva mbili. Ukivuta ya kushoto, klachi ya kushoto inaachia, mnyororo wa upande huo unakosa nguvu, na mashine inakata kushoto. Kona kali inataka ukanyage na breki ya upande huo huo.

Wajua kuwa mteremkoni mambo hugeuka? Unaposhuka kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma, injini ikiwa inazuia mwendo, ukivuta liva ya kushoto bila breki, mnyororo wa kushoto unakimbia na katapila linakata kulia. Dereva asiyelijua hili ataliingiza korongoni.

Wajua kwa nini katapila lililolala masika nzima hukataa kukata kona? Sahani za klachi kavu zimeshikana kwa kutu. Fundi huwasha injini, akaiacha ipate moto, akaingiza gia ndogo uwanjani penye nafasi, akavuta liva na kugusa breki kwa mikupuo mpaka zibanduke. Kinga ni rahisi: unapoliegesha kwa muda mrefu, vuta liva zote mbili na uzikaze kwa kipande cha mti.

Wajua kuwa klachi inayoteleza huenda imelowa oili tu? Sili iliyochoka hupitisha oili hadi kwenye sahani. Fungua nati ya chini, mwaga, osha kwa mafuta ya taa, kisha badilisha sili. Bila hivyo, oili itarudi.

Wajua kwamba sahani za zamani zina asbesto? Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Usilipulize kwa upepo wa kompresa. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Na je, wajua kipimo cha kwanza kabla ya kushika spana? Ni mchezo wa liva. Mara nyingi fito zake zinataka kurekebishwa tu, na mwenye katapila anaepuka gharama ya kuteremsha klachi nzima.